Matumba Ndani ya Aproni

Tangu Agosti iingie na joto lake la kukausha mate, Burmakan hakuwa na raha. Kila kukicha alikuwa bustanini nyuma ya nyumba yake, pale mjini Tokmok, akikagua maua ya gladioli shina baada ya shina.

Vitunguu vya kupandia maua hayo alivipanda binti yake Gulzat mwezi wa tano, siku aliyoondoka kwenda Moscow kufagia ofisi za watu. Alimshika mwanawe Aizirek mabega, akamwambia, "Yakifunguka tu, ujue mama amerudi. Tutayapeleka wote kwa mwalimu wako siku ya kufungua shule." Mtoto akalimeza neno hilo zima zima. Na tiketi ya Gulzat ilikuwa ya mwisho wa Agosti.

Joto lile nalo halikuuliza tiketi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, tumba la kwanza likaanza kuonyesha wekundu, na Burmakan akaingiwa na hofu. Yakifunguka na mama hayupo, mtoto huyu atamwamini nani tena? Akalinyofoa kwa kucha, akalitia mfukoni mwa aproni. Moja tu, alijiambia. Lakini gladioli hufunguka kuanzia chini kwenda juu. Ukinyofoa la leo, la kesho liko tayari. Basi ikawa ndiyo kazi yake ya kila alfajiri.

"Shoga, maua nayo siku hizi yananyolewa?" jirani yake Sonun aliuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Natoa wadudu."

"Mdudu namwona mmoja tu, kavaa aproni."

Aizirek naye haamki ila na swali, mkate mdomoni. "Bibi, yamefunguka?"

"Bado."

"Mbona ya kwa Sonun yamefunguka?"

"Ya Sonun yana kiherehere kama mwenyewe."

Siku moja kabla ya shule, geti likalia. Gulzat huyo, amekonda, begi begani, akapiga magoti na kufungua mikono. Aizirek hakumkimbilia. Alizunguka nyumba mbio hadi bustanini, akarudi taratibu.

"Halijafunguka hata moja," alimwambia mama yake. "Kwa hiyo hujarudi kweli. Utaondoka tena?"

Burmakan hakuweza kuvumilia. Akaugeuza mfuko wa aproni, matumba yakamwagika uani, makavu ya juzi na mabichi ya asubuhi ile.

"Ni mimi, mjukuu wangu. Niliogopa yasije yakafunguka, halafu usimwone mama yako."

Aizirek aliyatazama weee, kisha akainua macho.

"Kumbe ni wewe uliyemchelewesha mama."

Burmakan akainama, akayaokota matumba moja moja, akayarudisha mfukoni.

Kesho yake uwanja wa shule ulikuwa mwekundu kwa gladioli za watoto wengine. Aizirek alimshika mama yake kwa mikono yote miwili, wala hakuwa na mkono wa kubebea maua hata kama yangekuwepo. Burmakan aliwafuata nyuma, aproni bado kiunoni.