Randa ya Nyota Tatu

Mjomba wangu, fundi seremala, ana dini mbili, na ya pili ni Nyota Tatu. Kifaa kisichogongwa nyota hizo, chapa ya kiwanda kilichokufa zamani, kwake ni takataka. "Ya kale ni dhahabu," husema akininyang'anya randa mpya mkononi. "Hivi vya siku hizi vikatie mboga." Na vyenye nyota haruhusu mtu aviguse. Basi mimi mpwa wake nikabaki na msasa, nasugua miguu ya viti hadi alama za vidole zikafutika. Nilitaka benchi langu la kazi. Nilitaka kuranda mbao kama fundi, na kubembeleza nilikuwa nimechoka.

Nikatengeneza randa yangu. Mwili niliuchonga kwa mti mgumu, kisu nikakikata kwenye springi ya lori bovu, nikakinoa hadi kikanyoa nywele za mkono. Kisha nikachonga ncha ya msumari kwa tupa iwe umbo la nyota, nikagonga nyota tatu ubavuni, nikapaka oili chafu na vumbi. Nikaitumbukiza kwenye sanduku lake, nikajikausha.

Aliiona asubuhi. Kelele zake zilimleta kinyozi wa jirani na fundi viti wa ng'ambo ya barabara. Akaipitisha kwenye ubao, maranda yakatoka membamba hata mwanga unapita.

"Mnaona? Leo nani anaweza kutengeneza kitu kama hiki?"

Midomo iliniwasha, nikaiuma.

"Hebu tuone kisu," akasema fundi viti.

Mjomba akakichomoa. Katikati ya chuma palikuwa na tundu la boliti, na pembeni rangi ya lori ambayo tupa yangu haikuifikia. Akakitazama. Akanitazama mimi. Nikajua leo narudi kwa mama na virago vyangu.

"Wazee wale," akasema taratibu, "hata springi walijua kuitumia. Hii aliniachia marehemu babu."

Wageni walipoondoka akanivuta kando.

"Benchi la dirishani ni lako. Lakini mbele za watu, randa hii ni ya marehemu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mjomba."

Tangu hapo marehemu hapumziki huko kaburini. Juzi kamwachia mjomba patasi, na nikimaliza mpini huu atamwachia na tezo.