Dawa ya Kumpunguza Baba Mkwe

Mimi Nesta, mke wa Hezron wa Igamba, nilikaribia kumuua baba mkwe wangu kwa adabu. Nasema wazi kwa sababu wapo wanaonisifu mpaka leo kwamba nilimponya, na sifa hizo hunikera.

Mwaka huo, hamsini na mbili, mume wangu alikuwa kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma. Mama mkwe alikwisha kufariki. Tulibaki wawili, mimi na mzee, na siku zile kwetu Wanyiha mke wa mtoto hakusemezana na baba mkwe. Nikimwona anakuja njiani, naingia kwenye mibuni mpaka apite. Chakula nakiweka kizingitini, nakohoa, naondoka. Jina lake sijalitamka hata mara moja, na hapa pia msilitegemee.

Mzee alikuwa mnene kwelikweli. Kahawa ilimlipa, naye akajilipa kwa nyama. Watu walimsifu, nami nikavimba kichwa, maana mzee akinenepa anayesifiwa ni mpishi. Lakini alianza kushindwa kupanda kilima cha kanisani. Alisimama mara tatu njiani ameshika kifua, yeye mzee wa kanisa, huku watoto wakimpita. Dresa Watson, mganga msaidizi wa zahanati aliyekuwa akizungukia vijiji vyetu, akampima na kumwambia moyo umechoka kubeba mwili ule. Lazima apungue, na dawa atapelekewa.

Dawa nilikabidhiwa mimi, siku nilipokwenda zahanati kung'oa jino. Ilikuwa chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo, chupa nzima. Dresa alinieleza polepole: kijiko kimoja cha chai asubuhi, kwenye maji mengi, baada ya kunywa uji, na mafuta ayapunguze.

"Tumbo likimwendesha zaidi ya mara tatu kwa siku, aache dawa papo hapo," alisema. "Anywe uji mwepesi wenye chumvi kidogo, kidogo kidogo, kutwa nzima. Hilo usilisahau, mama."

Sikulisahau. Ndilo linaloniuma.

Tulikuwa na njia yetu ya kupeana habari. Nilipiga magoti kwenye jiwe la kusagia, chini ya dirisha lake, nikazungumza na jiwe. "Jiwe wee, dawa ya mzee imefika. Kijiko kimoja cha chai, asubuhi, akishakunywa uji." Ndani akakohoa, maana yake amesikia. Nilipofika kwenye habari ya tumbo kuendesha, ulimi ukagoma. Nimtajie baba mkwe mambo ya choo! Bora ningelimeza jiwe lenyewe. Nikajiambia mzee ni mtu mzima, tumbo lake analijua, nikaendelea kusaga ulezi.

Wiki ya kwanza alipungua, na kwa mbali nilimwona akijishika kiuno kwa furaha. Akaongeza vijiko. Alidhani, nilikuja kujua baadaye, kwamba kuharisha ndiko kutoka kwa mafuta, na kadiri anavyoharisha ndivyo anavyopona. Nilimwona akienda chooni mara mbili, mara tano, mara nane. Niliinamisha kichwa, nikajitia kipofu. Chakula kilirudi kimeguswaguswa tu.

Jumatano asubuhi hakikuguswa kabisa. Nikakohoa, kimya. Nikaenda kwenye jiwe, nikasema, nikasema tena kwa sauti kubwa. Hakuna aliyekohoa.

Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya mto. Niliogopa, sitawadanganya. Mwanamke aliyeingia chumbani kwa baba mkwe aliweza kurudishwa kwao hata kama ana watoto saba, na mimi sikuwa hata na mmoja. Nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni, midomo imekauka, macho yametumbukia ndani, nguo zimechafuka. Aliponiona alijaribu kujifunika uso.

"Toka, mwanangu," alisema kwa shida.

"Sitoki, baba."

Ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza katika miaka minne tangu niolewe. Nikapika uji mwepesi, nikautia chumvi, nikamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka jua likageuka. Nikamwosha. Alilia kwa aibu, nami nikalia kwa hatia, na huku namwosha nikamwambia yote niliyomficha. Alinisikiliza, akafumba macho, akaomba uji mwingine.

Siku ya tatu akaja dada yake, shangazi Anastazia, na majirani nyuma yake. Habari zilikuwa zimevuka mto.

"Huyu ameivua heshima ya ukoo," alisema pale uani. "Arudi kwao Ihanda leo hii."

Kujitetea kungekuwa kuwatangazia watu hali niliyomkuta nayo, na aibu hiyo sikutaka kumwongezea. Kumbe mzee alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili. Siku za uzima wake mtu yule alikuwa akizunguka shamba zima ili wanawake wasimwone akielekea chooni.

"Anastazia," alisema, na wote wakamgeukia. "Niliharisha mpaka nikalala katika uchafu wangu. Nilikuwa nakufa. Nesta ndiye aliyeninawisha. Anayetaka arudi kwao, basi yeye ndiye aje aninawishe leo, maana bado sijapona."

Majirani walitazama chini. Shangazi akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaniuliza ndoo ya maji iko wapi.