Mwenye Baiskeli

Siku Faudhia alipotoka eda, maji ya kuogeshwa hayajamkauka kichwani, wifi yake Bimdogo alikuwa ameshaketi mkekani na wajomba wa ukoo. Pole zilikuwa chache. Walikuwa wamefuata baiskeli.

Sasa ninyi msio wa Newala mtauliza: baiskeli tu, ndiyo ya kuitia watu kikao? Ee, ndiyo! Newala iko juu, mchanga mtupu, na maji yako chini kabisa, kwenye chemchemi miguuni mwa mlima. Mwenye baiskeli huteremka nayo alfajiri, akajaza dumu, akaikokota kupanda mpaka nyumbani, watu wake wakanywa. Asiye nayo hubeba ndoo kichwani mpaka shingo ikaingia mabegani. Miaka yote ya ndoa yake Faudhia ndiye aliyeikokota baiskeli ile, Foniksi ya chuma, na dumu la kwanza la kila siku lilishushwa kwa Bimdogo, kwa kuwa ni wifi, na ukwe una adabu zake. Ahsante? Thubutu! Sauti ya Bimdogo uliisikia siku maji yakiwa na tope.

"Mali ya mjomba huenda kwa mpwa," alisema Bimdogo. "Ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Marehemu kaka yangu Awadhi ameniacha mimi na mwanangu Swalehe. Baiskeli itoke."

Swalehe alikuwa amesimama mlangoni, kijana wa miraba minne, miwani ya jua ya mtumba imekaa juu ya paji la uso. Hata shikamoo hakumpa mkaza mjomba wake, kwa haraka aliyokuwa nayo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, korosho zimeacha kuwa na mnunuzi mmoja, kila mwenye lori kawa tajiri wa korosho. Kampuni moja ngeni ilikuwa imetangaza mashindano ya baiskeli ya kufungulia msimu, kutoka Masasi mpaka Newala, na wa kwanza angepewa pikipiki. Swalehe alikuwa ameshaanza kuiendesha pikipiki ile usingizini.

"Ilinunuliwa kwa korosho za mikorosho ya mama yangu," Faudhia akasema. "Hakuna asiyejua hapa."

Mjomba mmoja akakohoa. Mwingine akaona kuna kitu cha kutazama kwenye paa. Kujua walijua, ila nani atake ugomvi na Bimdogo?

"Wifi yangu," Bimdogo akasema, kwa ile sauti tamu ya kumlisha mtu shubiri, "baiskeli ni ya mwenye kuipanda. Kaka yangu aliipanda, watu wakamwona. Wewe unaikokota tu. Punda naye hukokota mkokoteni, lakini umesikia lini punda kadai mkokoteni ni wake?"

Watu wakacheka. Walimcheka mjane ndani ya nyumba yake, siku ya kutoka eda! Faudhia alikuwa amelia vya kutosha kwa Awadhi. Kwa hawa hakuwa na chozi.

"Haya," akasema. "Mbele yenu nyote. Mashindano hayo nami nitaingia, juu ya baiskeli hiyohiyo. Swalehe atafute nyingine. Akinitangulia kufika Newala, aichukue palepale, na pampu yake juu. Nikimtangulia, asije mtu tena mlangoni kwangu kuniuliza habari ya baiskeli. Mmesikia, au nirudie?"

Bimdogo akapiga makofi. "Makubwa haya! Mjane na mashindano! Nimekubali, wifi. Wajomba ni mashahidi."

Lakini Bimdogo kuna jambo hakulifikiri. Maji hukokotwa kupanda. Kushuka je, na dumu tupu, alfajiri, watu wamelala? Faudhia alikuwa akiipanda Foniksi ile kila siku ya Mungu, kanga kaikunja mapajani, upepo unampiga meno, na mara nyingi akicheka peke yake. Awadhi alijua, na hakumwambia mtu.

Basi siku ikafika. Asubuhi kule Masasi, chini ya yale majabali yao, vijana walikuwa wamejaa barabarani kama kumbikumbi, wengine na baiskeli za gia, wengine na mikweche iliyofungwa waya. Faudhia alivaa suruali ya Awadhi, juu yake kanga. Nyuma ya tandiko, kwenye keria, lilikuwa dumu lake la manjano, limezibwa kwa gunzi la muhindi. Alikuwa amejaribu kulifungua kwenye keria. Lakini mipira ya tyubu iliyolishika alikuwa ameifunga Awadhi mwenyewe kabla ya kuugua, mafundo juu ya mafundo, na kila aliposhika kisu mkono ulikataa. Akaona heri liende.

"Mnawaona Wamakonde?" mtani wake mmoja akapiga kelele, Mmakua wa hapo Masasi anayeitwa Jonathan, fundi wa kuziba pancha. "Kiu yao haina likizo! Hata kwenye mashindano wanakuja na dumu!"

"Nimelileta nikuogeshe, mtani," Faudhia akamjibu. "Ukoo wenu mzima unanuka gundi." Umati ukaangua kicheko, na Jonathan akamjazia upepo bure.

Karani wa kampuni, kijana wa bara aitwaye January, alikuwa akigawa namba za kitambaa. Alipomfikia akasita.

"Mama, haya ni ya wanaume."

"Tangazo mlilobandika sokoni kwetu lilisema nani aje?"

"Lilisema kila mwenye baiskeli..."

"Mimi ndiye mwenye. Nipe namba yangu, mwanangu, jua linapanda."

January akatazama huku na huku kutafuta mkubwa wake, hakumwona, akampa namba.

Filimbi ikalia. Vijana wakatoka kwa vurugu, na vumbi lao jekundu likawa ndiyo hewa ya kuvuta. Swalehe alikuwa kaazima baiskeli ya gia kwa rafiki yake wa Tandahimba. Alipita ubavuni mwa Faudhia akapiga kengele mara mbili, kling kling, kama anavyofukuzwa mbuzi barabarani. Faudhia hakumtazama. Mwenye safari ndefu hagombani na kengele.

Na safari ilikuwa ndefu kweli. Kilima kinashuka, kingine kinakungoja. Kufika Chiungutwa mapaja yalishaanza kuwaka. Kuvuka Mto Mwiti, ambao kiangazi kile ulikuwa mchanga tu na ng'ombe wawili, jua lilikuwa utosini na viganja vimetoka malengelenge. Vijana waliotoka kwa mbwembwe aliwakuta mmoja mmoja chini ya mikorosho, huyu kakata cheni, yule anatapika. Lori la kampuni likawa linawazoa. Likapunguza mwendo pembeni yake na January akatoa kichwa dirishani.

"Mama, panda tu, umejitahidi! Hakuna atakayekucheka."

"Nikipanda humo atanicheka mmoja," Faudhia akasema, "na huyo mmoja simtaki. Nenda zako."

Alikuwa na hofu, tusidanganyane. Kila kona aliyopinda alitazama mbele akitafuta mgongo wa Swalehe, na kila kona ilikuwa tupu. Aliona picha ya alfajiri inayokuja: yeye na ndoo kichwani, na kengele ya Foniksi ikilia mikononi mwa mtu mwingine. Hapo alikuwa akikanyaga kwa nguvu mpya, na kumtukana Bimdogo kimoyomoyo kwa kila mzunguko wa pedali.

Mwishoni akafika miguuni mwa mlima. Akaingia chemchemini kunawa uso na kunywa. Na hapo, jamani, likatokea jambo ambalo halimtokei mtu wa mahali pengine popote duniani. Mikono yake ilichomoa gunzi. Mikono yake ikachukua kata. Akachota, akamimina, akachota, akamimina, huku akili yake iko kwa Swalehe, na alipozinduka dumu lilikuwa limejaa pomoni na gunzi limerudi mahali pake. Miaka yote ile hajawahi kuutazama mlima ule akiwa na dumu tupu. Mikono ilifanya kazi iliyoizoea.

Wanawake waliokuwa wakiteka wakamshangaa, wakamwita kwa jina la mwanawe. "Mama Somoe, si uko kwenye mashindano wewe?"

"Niko," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile machozi yakamlenga, kwa hasira ya kujiona mjinga.

Yamwage basi! Ninyi mtasema hivyo. Lakini mtu wa Newala hamwagi maji. Mtoto anaogeshwa ndani ya karai, maji yale yale yanafua nepi, yale yale yanamwagilia mche wa mpapai. Ukimwaga bakuli la maji kwetu unasemwa mpaka kwenye harusi ya mjukuu wako. Mkono wake uligusa gunzi, ukarudi. "Yaende," akasema. "Si ndiyo kazi yangu, kukokota?" Akaushika usukani, akainama, akaanza kupanda.

Na kwa kupanda, hapo sasa aliwaonyesha. Mlima ule hapandi mtu juu ya tandiko, hata awe na gia kumi, wote husukuma. Vijana wale walijua kukanyaga, kusukuma hawakujua. Walisukuma hatua chache wakasimama, wakakaa, wakaapa kwa mama zao. Faudhia alipita kwa mwendo wake wa kila siku, si wa haraka, si wa pole, dumu likimgonga kiunoni. Alimpita mmoja, akawapita wengine. Karibu na kilele, kwenye mchanga mzito, akamwona mtu kalala chali kando ya njia, baiskeli imemlalia mguuni. Miwani ya mtumba ilikuwa imevunjika kijiti.

"Shikamoo, Mama Somoe," Swalehe akasema kwa sauti iliyokauka. Msuli wa mguu ulikuwa umembana na midomo ilikuwa imepasuka.

"Leo umenijua?"

"Maji, mama. Nakufa."

Angepita. Nani angemlaumu? Lakini maji hanyimwi mtu, hata mwizi, na kijana huyu, Awadhi alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Faudhia akainamisha baiskeli, akachomoa gunzi, Swalehe akanywa kwa viganja mpaka kifua kikalowa. Akamsugua na ule mguu. Kisha akageuka kuziba dumu, na alipokuwa akilikaza gunzi akasikia kling kling. Kijana alikuwa ameshaipandisha baiskeli yake mgongo wa mwisho wa mchanga, anakimbia nayo.

"Ahsante, mama!" akapiga kelele bila kugeuka. "Kesho nakuja kuichukua!"

Hasira iliyomchemka Faudhia haikuwa ya siku ile tu, ilikuwa ya madumu yote aliyokokota. Akasukuma mpaka ukingoni, pale njia inapokuwa ngumu tena, imeshindiliwa na malori ya korosho, na mbele yake akaona nyumba za Newala, watu wamejipanga pande zote mbili, na mwisho wa njia kamba ya kampuni. Swalehe alikuwa amepanda, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unachechemea. Faudhia akapanda. Foniksi ikagoma. Siku nzima ya vilima, na dumu limejaa. Miguu haikuweza kuizungusha.

Akashuka. Akailaza baiskeli chini katikati ya njia, mbele ya watu wote, akashika gunzi.

"Hapana!" mwanamke mmoja akalia. "Mama Somoe, usimwage! Ngoja nilete ndoo!"

Akachomoa. Maji yakatoka kwa kububujika, meupe juani, yakakimbia kwenye njia na mchanga ukayanywa. Kisha zogo! Akina mama wakaja mbio na masufuria, na mabakuli, bibi mmoja akapiga magoti akalowesha kanga yake apate hata tone. Faudhia akalisikiliza dumu mpaka lilipokohoa kuwa limekwisha. Kifua chake kilikuwa chepesi ajabu.

Akainua baiskeli, akarukia juu. Sasa ilikuwa ile ile ya alfajiri. Alikanyaga kwa kusimama, kanga inapepea, dumu tupu linapiga ngoma nyuma yake, du du du, na watu waliokuwa wakimlaani kwa ajili ya maji wakajikuta wanapiga vigelegele. Swalehe alisikia lile dumu. Akageuka, akamwona, akakanyaga kwa miguu yote miwili, na msuli ukamkamata tena akabaki kuzungusha hewa. Faudhia alipita ubavuni mwake. Kengele aliiacha. Hakuwa na haja nayo.

Wa kwanza alikuwa ameshafika zamani, kijana wa Masasi, keshakalia pikipiki yake anapigwa picha. Hiyo shauri yake. Faudhia alivuka kamba na mpwa wa mumewe yuko nyuma, na wajomba wote watatu wa ukoo walikuwapo na macho yao.

Bimdogo alitoka kwenye umati, mkono mmoja kiunoni, mwingine umenyoosha kidole. Swalehe hakumtaja. Baiskeli pia hakuitaja.

"Umemwaga maji!" akapayuka. "Kiangazi hiki, watu makoo yamekauka, wewe unamwaga dumu zima barabarani! Maji yangu hayo!"

Faudhia alikuwa anahema, usukani mikononi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Yako, wifi?" akasema. "Uliyakokota wewe?"