Chemchemi Isiyo na Watumiaji

Wenzake walipoingia ukumbini walikwenda moja kwa moja kwenye kreti za soda. Mama Povu, aliyefanya kazi ya udobi kwa miaka kumi na moja, akaenda kwenye meza ilipowekwa ripoti ya mradi. Ripoti ilikuwa nene kama godoro la mtoto, na haikuonyesha dalili ya kufunguliwa na mtu. Akalamba kidole, akaanza.

Mradi wenyewe ni kiwanda cha kutia nguo rangi, kitakachojengwa juu ya chemchemi wanayofulia yeye na madobi wenzake wanane. Mwongozo wa serikali unasema kabla ya jiwe la kwanza, athari kwa mazingira zitathminiwe na wananchi wasikilizwe. Ndiyo sababu ya viti vya plastiki na soda.

Ukurasa wa arobaini na moja ukamsimamisha: "Chemchemi haina watumiaji."

Akasoma tena. Akajifinya mkono kuhakikisha yupo.

Mwandishi wa ripoti alikaa meza kuu, kifua mbele kama jogoo: mtaalamu wa mazingira, mume wa dada yake.

"Shemeji," Mama Povu akasimama, "ulifika lini huko kusikokuwa na watu?"

"Jumapili."

"Siku yetu ya kupumzika! Na kwenye gari ulishuka?"

Ukumbi ukacheka. Mtaalamu akarekebisha kola. "Shemeji, haya ni mambo ya kitaalamu. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tutakula. Hapa ndipo tunaongea. Hilo shati ulilovaa kafua nani?"

"Ni... wewe."

"Nimelifulia wapi?"

Mtaalamu akatazama dari, kana kwamba jibu limebandikwa huko. "Chemchemini," akasema, kwa sauti ndogo mpaka afisa wa serikali akamwomba arudie.

"Alivue!" madobi wakapaza sauti kutoka nyuma. "Lirudi lilikotoka!"

Afisa, aliyeongoza kikao, akakohoa, akatoa karatasi. "Mama, tumekusikia. Wekeni sahihi za mahudhurio tumalize."

Karatasi hiyo Mama Povu aliijua. Mwaka juzi, kwenye mradi wa barabara, walisaini mahudhurio wakanywa soda. Baadaye karatasi ikakutwa imebanwa nyuma ya ripoti, kichwa chake kipya: "Wananchi walioridhia." Kibanda chake cha kupigia pasi kikabomolewa, kikaenda na soda ile.

Akachukua kalamu. Kwenye nafasi ya sahihi akaandika: "Nimehudhuria, nimekataa. Nafulia hapa." Ndipo akasaini.

"Mama, hapo ni pa sahihi tu!"

"Sahihi si hiyo hapo? Imekuja na maneno yake."

"Unaniharibia fomu."

"Nyinyi mnaniharibia maji. Mwongozo wenu unasema maoni yetu yaambatishwe. Ambatisha."

Akampa kalamu dobi wa pili. Naye akaandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa zaidi. Wa tatu akaongeza alama mbili za mshangao. Kufika wa saba, nafasi zikaisha. Wakageuza karatasi.

"Kwa hiyo unataka niandike ripoti upya?" mtaalamu akauliza, jasho likimtoka kwenye kola nyeupe pee.

"Anza na ukurasa wa arobaini na moja. Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwepo wote tisa. Uje kwa miguu, uhesabu vichwa."

Afisa akaitazama karatasi, mbele na nyuma. "Hii siwezi kuipeleka juu."

"Basi na mradi usiupeleke," Mama Povu akasema, akakaa. Hakuna dobi aliyenyanyuka mpaka afisa alipochukua mashine yake ya kubania, akaibana ile karatasi kwenye ripoti mbele ya macho yao.