Jicho la Vidole Vitatu

Vidole vya mama havikupita. Alivisukuma tena, vitatu kwa pamoja, ndani ya jicho la wavu alioamini kuwa ni kazi yake, na uzi ukambana hadi ngozi ikawa nyeupe. Mjomba alikuwa ameuleta utiwe kiraka, kasahau kabisa siri yetu. Mimi nilisimama mlangoni na beseni la maji, nisijue pa kuliweka.

Miaka yote mama alipima macho ya wavu kwa vidole. Wenzake walizungusha uzi kwenye kibao ili kila jicho lilingane na jingine, yeye aliwacheka. "Kibao ni cha mtu asiyeijua mikono yake." Samaki asiyejaza upana wa vidole vyake vitatu, kwake alikuwa bado mtoto, aachwe akue. Wavuvi walichukua nyavu zake bila hata kuzikagua.

Kisha figo zikamlaza. Ikavimba miguu, ukavimba uso, na vidole navyo taratibu, mwenyewe asitambue. Aliendelea kufuma akiwa kitandani, na kila safu ikawa na macho mapana kuliko ya jana yake. Wavu huo aliuchukua mjomba, mdogo wake. Siku ya tatu alinivuta nyuma ya nyumba.

"Samaki wanapita humo wakicheka, mwanangu. Lakini mama yako usimwambie. Utamuua kwa uchungu."

Nilikubali bila kufikiri mara mbili. Kwa mwezi mzima, kila mama alipopitiwa na usingizi wa mchana, nilikimbilia stoo ya mjomba nikaufumua wavu ule safu kwa safu, nikaufuma upya kwa vidole vyangu, ambavyo vilikuwa sawasawa na vyake vya zamani. Nilijiona mtoto mwema kupita kiasi.

Sasa mama aliulaza wavu mapajani. Hakupandisha sauti.

"Umeufumua wote?"

"Wote, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Tuliogopa utaumia."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama kwa muda. "Si ungesema tu, mwanangu? Ningetumia kibao."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Kesho yake nilimchongea kibao chenye upana wa vidole vyangu vitatu, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini. Alikipokea, akakipitisha kwenye kiganja, akasema nimekichonga vizuri. Nikamsogezea uzi na sindano.

Hakuvigusa.

"Nikifuma tena," alisema, "nitajuaje kama hamuufumui?"

Niliapa. Nililia, nikaapa tena kwamba hatutagusa hata fundo moja. Aliniitikia kwa upole, "Haya, mwanangu, nimesikia," kama anayembembeleza mtoto mdogo alale. Aliishi miezi miwili zaidi, mikono yake ikiwa juu ya shuka, haina kazi.