Kinyozi Aliyeniua Mara Mbili

Lori lilikuwa limeshatoka mjini, limeshapita kiwanda cha matofali, na mimi nilikuwa juu kabisa, nimejilaza chali kwenye magodoro kama sultani asiye na nchi, niliposikia pikipiki inatupigia honi kwa nyuma. Nikainua kichwa. Aliyeshika usukani ni kinyozi, aproni yake ya kazini inapepea. Nyuma yake amekaa mpwa wangu, binti wa dada yangu, mkono mmoja kiunoni kwa kinyozi, mwingine unanipungia mimi.

"Mjomba, shuka," akapaza sauti. "Hukufa vizuri."

Dereva akasimamisha lori kando ya barabara. Mpwa wangu akamweleza kwa adabu zote kwamba wanamhitaji yule mzee aliye juu, wamuue tena upesi kabla jua halijahama, halafu watamrudisha. Dereva akapandisha kioo, akafunga mlango kwa ndani, akatazama mbele. Sikumlaumu. Wembe ulikuwa umechungulia mfukoni mwa aproni ya kinyozi.

Basi nieleze nilivyofika hapo pa kuuawa mara mbili.

Mimi ni mtu wa njia. Shule nilisoma vipande vipande, darasa la pili huku, la nne kule, la tatu sina hakika kama tulionana. Kazi nimefanya za kila namna, na hakuna mji uliowahi kunichosha, kwa sababu sijaupa nafasi hata mmoja. Mji ule nilipita kumjulia hali dada yangu, siku tatu tu. Siku ya kwanza mezani mpwa wangu akaacha kula, akaniangalia shingo, akasema ni shingo nzuri, ndefu, na kizuri zaidi hakuna anayeijua hapa mjini. Nikashukuru. Umri wangu huu, sifa haziji kila siku.

Alikuwa anatengeneza filamu ya majambazi, ya kwanza maishani mwake. Karani wa ghala ameona kilichomo kwenye maboksi, anataka kusema, na mkubwa wa majambazi anamtuma mtu amnyamazishe kwa wembe. Karani ni mimi. Wa wembe ni kinyozi wa mtaani kwao, kijana mpole wa kunong'ona, aliyechaguliwa kwa sababu mkono wake hautetemeki na wembe anao.

Sasa, filamu ile haikuwa mchezo. Baba yake, yaani shemeji yangu, ni fundi vioo. Alikuwa amempa binti yake mwaka mmoja wa kuacha kaunta ya duka na kuhangaika na kamera. Mwaka wenyewe ulikuwa unaisha Jumamosi ya wiki ile. Watu wakiipokea filamu, sawa, aendelee. Wakiicheka, Jumatatu saa mbili asubuhi amesimama kaunta, anakata vioo vya madirisha, na habari ya kamera imekwisha. Shemeji si mtu wa kurudia maneno. Hata chumvi akiiomba mara moja isipoletwa, anakula hivyo hivyo.

Kwa hiyo mauaji yangu yalitakiwa yatishe.

Tulipiga picha stoo, nyuma ya duka la vioo. Damu tuliipika wenyewe: maji, sukari, rangi nyekundu ya keki na kakao kidogo isije ikang'aa kama sharubati. Tukaijaza kwenye mpira mwembamba uliopita chini ya kola yangu, ukashuka mgongoni, ukaishia kwenye pampu ya baiskeli. Kamera ilisimama yenyewe kwa miguu yake mitatu, na mpwa wangu akapiga magoti nyuma ya boksi, anapampu.

Kinyozi akaambiwa awe mkali. Akatoa meno, akanguruma, akaja nyuma yangu. Mimi nikafa. Nilikuwa nimengoja miaka sabini kupewa nafasi kubwa namna ile, kwa hiyo sikuwa na haraka. Nilirusha miguu mara kumi na moja, nikaangusha meza, nikatulia, nikakumbuka kitu, nikarusha ya kumi na mbili. Damu ilifika darini. Sisimizi walikaa stoo ile siku nzima wakishangaa neema. Sote watatu tulikubaliana kwamba jambo limefanyika.

Jumatano mchana filamu ikaonyeshwa kwa majaribio kwenye ukumbi wa sinema. Mwenye ukumbi alikuwa mjane wa makamo anayekata tiketi kwa mkono wake na kukalia kiti cha mlangoni ili aone nani anatoka kabla ya mwisho. Alikusanya watu kama arobaini, majirani na wapita njia. Sehemu za mwanzo walitulia. Ikafika zamu yangu.

Kinyozi pale kwenye pazia la sinema anatoa meno. Ananguruma. Anasimama nyuma yangu. Halafu, jamani, akanikunjia kola kwa ndani vizuri, mbele na nyuma. Akanigeuza kichwa kwa vidole viwili. Akakata. Damu ikaruka kama bomba lililopasuka, na katikati ya gharika hiyo mwuaji akainama akanipuliza shingoni, fuu, akatoa brashi mfuko wa nyuma akanipangusa nywele ambazo hazikuwepo.

Wakati tunapiga picha hakuna aliyeona. Mpwa wangu alikuwa chini na pampu yake. Kinyozi mwenyewe mikono yake ilikwenda kama inavyokwenda siku zote, haikumwuliza. Na mimi, shingo yangu imekuwa mikononi mwa vinyozi miaka hamsini, niliona ni mambo ya kawaida.

Ukumbi ulibomoka kwa kicheko. Wanaume wanane walikuwa wamenyolewa na mtu yule yule wiki ile ile. Mama mmoja alianguka na kiti chake. Kila nikirusha mguu walihesabu kwa pamoja, na ya kumi na mbili walinipigia makofi.

Shemeji hakucheka. Alikunja mikono, na watu walipokwisha kujifuta machozi akamwambia binti yake neno moja tu, Jumatatu. Mwenye ukumbi alikuwa na huruma zaidi. Alisema Jumamosi mchana nafasi bado ipo, lakini aletewe filamu ambayo watu watacheka kwingine, siyo pale.

Usiku ule niliona wazi kwamba ni ile miguu yangu. Mtu unapewa kufa kidogo, wewe unakufa kupita kiasi, unamharibia mtoto wa dada yako maisha. Alhamisi asubuhi nikabeba begi, nikakuta lori la magodoro, na mengine mmeshayaona.

Kurudi mjini tulipanda watatu, mimi katikati, begi kichwani. Kinyozi aliendesha huku akiomba radhi. Alisema tangu jana anajizoeza kuua bila kukunja kola, amejaribu kwa mto, kwa tikiti maji na kwa shemeji yake aliyelala, mikono haikubali. Mpwa wangu hakumsikiliza. Akaniuliza sikioni kama katika kuzurura kwangu kote nimewahi kuona mtu akiumizwa kweli.

Nikamwambia nimeona, kivukoni fulani, zamani. Wapagazi wawili waligombana, mmoja akampiga mwenziwe nondo ya kichwa. Damu lazima ilikuwepo, lakini mimi siikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba aliyepigwa aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi, akaivaa, akainyoosha mbele, ndipo akaanguka. Na yule aliyempiga akauchukua mzigo wa mwenziwe akauweka pembeni, taratibu, usije ukakanyagwa.

Mpwa wangu alitazama barabara mpaka tukapita kiwanda cha matofali. Halafu akamgonga kinyozi begani, juu ya bega langu.

"Kaka, twende dukani kwako."

"Dukani kwangu hapana, dada. Pale ndipo ninapokula."

"Huui mtu. Unamnyoa mjomba tu. Ufanye kila kitu kama siku zote, usitoe meno, usingurume, wala usijifanye. Meno ndiyo uongo, kola ndiyo kweli. Jana walicheka kwa sababu tuliviweka pamoja."

Duka la kinyozi lilikuwa chumba kimoja, kiti cha kuzunguka kimefungwa waya mguu mmoja, redio ndogo juu ya rafu, na ukutani vichwa thelathini vya kuchagua mtindo, vyote vimefifia rangi isipokuwa kipara. Jua liliingia mlangoni lakini halikufika kitini. Mpwa wangu akamtuma kinyozi kwenda kuazima kioo kikubwa kwa baba yake ili kirudishe mwanga ndani. Shemeji akaja nacho mwenyewe. Alisema wazi kwamba hakuja kwa ajili ya filamu, amekuja kwa ajili ya kioo. Akasimama kizingitini amekishika kwa mikono miwili, akaelekeza jua pale alipoambiwa.

Mimi nilipewa sharti moja, nisirushe mguu. Nikaomba hata mmoja. Mpwa wangu akakataa. Tukajadiliana kama watu sokoni, mwisho akaniruhusu kuinua kisigino, mara moja, na kukirudisha.

Kinyozi akanifunga kitambaa. Akajaribu maji kwenye kiganja, akaniuliza kama si ya moto sana. Nikasema yako sawa. Akaniuliza wa kwangu hawajambo. Nikasema hawajambo, nikakumbuka kwamba wa kwangu ndio hao waliokuja kunipiga picha nikichinjwa. Akapaka povu. Akaongeza sauti ya redio kidogo. Akanikunjia kola kwa ndani, mbele na nyuma, akanigeuza kichwa kwa vidole viwili.

"Tulia kidogo, mzee wangu," akaninong'oneza.

Kamera haikuangalia wembe. Mpwa wangu aliishusha polepole mpaka sakafuni, kwenye nywele zilizokatwa asubuhi na kiatu changu. Nikainua kisigino. Nikakirudisha. Akaipandisha tena, kwa kinyozi tu, mimi naonekana kisogo. Kinyozi akanipuliza shingoni. Akapangusa kwa brashi. Akachukua kile kioo kidogo cha mkononi akakiweka nyuma ya kichwa changu nione kazi, kama anavyofanya kwa kila mteja, akangoja niseme kitu. Mimi marehemu, nikanyamaza. Akangoja tena. Halafu akaitikia kwa kichwa, peke yake, akakunja kitambaa mara nne.

"Umependeza," akasema.

Hata tone moja la damu halikuwepo. Wembe wenyewe ulikuwa hauna makali, kinyozi aliyatoa kabla. Na bado mkono wangu ulikwenda shingoni wenyewe kuhakikisha. Mwanga ukaanza kuchezacheza ukutani, juu ya vile vichwa thelathini. Mpwa wangu akageuka kumwambia baba yake atulize kioo. Shemeji akasema kimetulia. Mwanga uliendelea kucheza, na macho hakuyatoa kwa kinyozi.

Halafu kinyozi akauliza kwa wasiwasi kama safari hii amekuwa mkali kidogo, na hapo tukacheka sisi, tukacheka mpaka kile kiti kikakata waya na kunimwaga chini na povu langu. Shemeji alicheka pia, ila kwanza alikiweka kioo mahali salama.

Jumamosi ukumbi ulijaa, kwa sababu walioona Jumatano walikuwa wamewasimulia wengine waje wahesabu miguu. Nilikaa safu ya nyuma nikisikia watu wanavyojiandaa kucheka, wengine wameshaanza. Kinyozi akatokea kwenye pazia na kitambaa chake, akapigiwa miluzi. Akauliza kama maji si ya moto. Wakacheka. Akauliza wa kwangu hawajambo, wakacheka, lakini wachache. Alipokunja kola nilimsikia mtu wa safu ya tatu akiacha kutafuna. Kisigino kilipopanda na kushuka hakuna aliyehesabu. Na kile kioo kilipowekwa nyuma ya kichwa changu, mwuaji anangoja jibu, niliona mkono mmoja ukienda shingoni, kisha wa jirani yake, kisha safu nzima, kama watu waliopitiwa na upepo mmoja.

Mwenye ukumbi alisimama mlangoni. Hakuna aliyetoka.

Taa zilipowaka ndipo vicheko vikaja, vya watu waliookoka, wanasukumana, wanashikana kola. Kinyozi akasimama kuwasalimia, amefurahi kupita kiasi, na watu wa mbele yake wote wakainama kwa pamoja. Shemeji akavuka viti akamfikia binti yake. Alimwuliza kama Jumatatu ana kazi. Mpwa wangu akajibu kwamba hajui, yeye baba ndiye anajua. Shemeji akasema kaunta ni ndogo, watu wawili hawaenei.

Haya ndiyo yaliyompata kila mmoja. Filamu ilionyeshwa Jumamosi tano, ya sita ukumbi ukakodishwa kwa harusi. Mwenye ukumbi bado anakata tiketi mwenyewe. Mpwa wangu ametengeneza filamu mbili zaidi, moja nzuri. Shemeji anauza vioo, na siku za kupiga picha anafunga duka anakwenda kushika kioo, na akiulizwa kazi yake anasema ni mtu wa mwanga. Kinyozi alipoteza wateja wote wa ndevu kwa miezi minne. Watoto hawakumwogopa, aliishi kwa vichwa vya watoto, kisha wakubwa wakarudi mmoja mmoja, ila wanakuja wawili wawili, mmoja ananyolewa na mwingine anasimama. Dereva alifikisha magodoro. Kiti cha kinyozi kimefungwa waya mpya.

Mimi niliondoka Jumatatu, kwa basi. Nimekaa miji saba tangu wakati ule. Ndevu zangu zimefika kifungo cha pili cha shati.