Dumu la Mzee Koki

Nimechoka, nasema wazi. Kutwa nashona sare kiwandani, mgongo unaniuma, na juma lile nyumbani kulikuwa na kazi ya pili: kuulinda mkojo wa baba yangu.

Daktari alitupa dumu jeupe lenye mistari ubavuni. Mkojo wa kwanza wa asubuhi tuumwage, kisha kila tone liingie humo mpaka asubuhi ya pili. Akaeleza taratibu kwamba figo huchuja damu usiku na mchana, taka na maji yaliyozidi huteremka kwa mirija miwili hadi kibofuni. Figo zikilegea, taka hubaki kwenye damu. Ndiyo maana Baba alivimba miguu, akawa anajikuna na chakula hakitaki. Dumu ndilo lingesema kama ataunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki.

Baba hakuuliza kitu. Amekuwa fundi bomba miaka arobaini, majirani humwita Mzee Koki, na mambo ya mabomba hapendi kufundishwa.

Mchana wa siku ya kupima nilikimbia nyumbani saa ya mapumziko. Mkojo ulikuwa haujagusa hata mstari wa kwanza, na rangi yake njano iliyokolea. Niliporudi jioni dumu lilikuwa limevuka nusu, na kilichomo kilikuwa cheupe kama maji. Baba alikaa kitandani akitabasamu.

"Umeona? Figo zimezibuka."

Nilishikwa na hasira, kisha nikataka kucheka. Mzee mzima anadhani atamdanganya daktari kwa maji ya bomba.

"Baba, umetia maji."

Akaitazama miguu yake. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba methali hiyo anaijua tangu sijazaliwa.

"Mara tatu kwa wiki, mwanangu. Nani atanipeleka, kama si wewe? Na kazini watakuvumilia mpaka lini? Nimekuona unavyorudi. Unakaa pale mlangoni kwanza, ndiyo unaingia."

Nilikuwa sijui kama ananiona. Kweli nilikuwa nikikaa pale, nikijiuliza nitaweza mpaka lini, na nikijionea haya kwa kujiuliza. Hilo liliniuma kuliko mgongo.

Nikalimwaga dumu, nikalisuuza. Nikaomba ruhusa kazini kwa simu, msimamizi akanuna, akanipa. Asubuhi tukaanza upya. Kutwa nzima Baba aliniletea kikombe mwenyewe, na kila mara kilikuwa na kidogo cha kutia huruma. Nilipokea, nikamimina.

Kesho yake hospitalini alikataa nimbebee. Alilipakata dumu hadi dirisha la maabara. Mpokeaji akaliinua, akalitikisa, akauliza kama huo ndio mkojo wote wa siku nzima.

"Ndio wote," Baba akasema. "Na maji sikutia."

Kisha akanishika mkono, tukakaa kwenye benchi kusubiri.